Kwa nini kioo kinakataa kufuata mstari?

SWALI: Nakata vioo vya madirisha Mikindani, Mtwara. Nikichora mstari wa kukatia kwenye kioo leo nikavunja kesho, kinapasuka ovyo. Kwa nini?

JIBU: Fundi, mhandisi Griffith wa Uingereza alieleza mwaka 1921 kwamba ufa hukua pale nishati ya mkazo (nguvu inayovuta ndani ya kioo) inayoachiliwa inapokuwa ya kutosha kuunda nyuso mbili mpya. Ufa ukirefuka mara 4, mkazo wa kuuendeleza hupungua kwa nusu. Ukichelewa kuvunja, nyufa za pembeni mwa mstari hukua, tena unyevu wa pwani huzichochea, na mkazo uliokuwa ukisaidia ufa wa chini, ule unaoingia ndani ya kioo chini ya mstari, hulegea. Paka mafuta ya taa kidogo kwenye gurudumu la kisu cha kukatia kioo, chora mara moja tu, vunja papo hapo. Kurudia mstari ndiko kunakoharibu kabisa, na gurudumu la kisu nalo huisha upesi.