Maswali na majibu: Windows ya zamani inapogoma kutoka

Maswali ya safari hii yanafanana. Mtu kapiga Windows mpya, ya zamani imebaki ndani, akitaka kuiondoa inagoma. Na ukienda kwenye orodha ya programu ukaitafute ili uifute kama unavyofuta nyingine, hulikuti jina lake.

Nilipiga Windows 10, sasa kwenye C kuna folda ya Windows.old imekula GB 20 na ushee. Nikiifuta naambiwa nahitaji ruhusa. Kompyuta ni yangu, ruhusa niombe kwa nani? (Sinza)

Usimwombe mtu. Folda hiyo ni ya mfumo, haifutwi kwa kitufe cha Delete. Andika cleanmgr kwenye sehemu ya kutafutia, chagua C, bonyeza Clean up system files, kisha weka tiki kwenye Previous Windows installation. Ila kabla ya OK, ingia Windows.old halafu Users. Picha za harusi na faili za ofisi ulizodhani zimepotea mara nyingi zimo humo. Zihamishe kwanza, maana ukishafuta hakuna kurudi nyuma.

Windows 7 nilishaifuta, lakini kila nikiwasha kompyuta inaniuliza nataka 7 au 10. (Tabata)

Limebaki jina tu. Andika msconfig, nenda Boot, chagua mstari wa Windows 7, bonyeza Delete, kisha OK. Hakikisha si ule ulioandikwa Current OS.

Nina steshenari. Kompyuta ya mezani ina Windows 10 kwenye C na Windows 7 kwenye D. Nikifungua Disk Management (sehemu ya Windows ya kusimamia diski), Delete Volume ya D imefifia, haibonyezeki. Fundi anasema anakuja na flashi aifomati kwa nguvu. Nimruhusu? (Mbagala)

Mzuie kwanza, ndugu yangu. Kufifia huko ni onyo. Windows 7 ndiyo ilitangulia kwenye diski hiyo, na inayotangulia ndiyo hubeba faili za kuwashia kompyuta. Windows 10 ilipoingia ilipewa chumba chake, lakini funguo za geti zilibaki kwa mpangaji wa zamani. Soma maandishi madogo kwenye D: bila shaka utaona System na Active. Neno Boot lililo kwenye C lisikuchanganye, linaonyesha tu Windows unayoitumia sasa hivi.

Fundi akiifomati D, kesho asubuhi wateja wamepanga foleni wanataka kuprinti CV, na kioo cheusi kinakuandikia BOOTMGR is missing.

Fanya hivi. Nakili kazi zako kwenye diski ya nje. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator, andika bcdboot C:\Windows /s C: kisha Enter. Ikijibu Boot files successfully created, rudi Disk Management, bofya C kwa kitufe cha kulia, chagua Mark Partition as Active, kisha zima na uwashe. Ukikuta System imehamia C, sasa D inafutika. Ikiwa bado imefifia, tazama kama imeandikwa Page File (faili ambayo Windows huitumia kama kumbukumbu ya ziada); hamishia C hiyo pia. Kazi hii usiifanye siku umeme unawaka na kuzima, mashine ya mezani haina betri ya kukuokoa.

Maelezo haya ni ya diski za MBR (mtindo wa zamani wa kugawa diski), ndizo utakazokutana nazo kwenye mashine nyingi za enzi ya Windows 7. Ukiona patisheni (kipande cha diski) iliyoandikwa EFI, habari ya Active iache kabisa, na patisheni hiyo usiifute hata kama ni ndogo na inaonekana haina kazi.

Nimefuta patisheni ya Ubuntu (mfumo mwingine wa kompyuta, si Windows) nikiwa Windows. Kuwasha tena, naona grub rescue tu. Mtihani uko karibu! (Ubungo)

Windows yako ni nzima. Kilichotokea ni kwamba ulifuta Ubuntu lakini kompyuta bado inaanzia kwake. Kwa mashine za UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta), ingia kwenye mipangilio ya BIOS (HP ni F10, Dell ni F2) na uweke Windows Boot Manager iwe ya kwanza. Kama ni ya zamani isiyo na UEFI, washa kwa flashi ya Windows, nenda Repair your computer hadi Command Prompt, andika bootrec /fixmbr.

Nimefanikiwa kufuta, ila nafasi iliyobaki wazi haitaki kuungana na C. (Kigamboni)

Extend Volume huchukua nafasi iliyo kulia kwa C, tena iliyopakana nayo. Ikiwa kushoto, au kuna patisheni katikati, haiungi. Programu za kusogeza zipo, lakini mimi ningeifanya D mpya ya kuwekea picha na kazi, nikaendelea na mambo mengine.

Nina printa ya zamani inayokubali Windows 7 peke yake. Niifute tu? (Temeke)

Usiifute, printa bado inakuingizia hela. Lakini Microsoft iliacha kuiziba mianya Windows 7 tangu tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo ukiwa humo usiunge intaneti, na flashi za wateja zifungue kwanza kwenye Windows mpya yenye kinga ya virusi.