Mkataba upo, mbona utafutaji hauuoni?

SWALI: Nyaraka zetu zote za ofisini ziko kwenye mfumo mmoja. Nikitafuta mkataba wa usafi naletewa kumbukumbu za vikao vya zamani. Mkataba wenyewe uko chini kabisa, na siku nyingine hauonekani. Tatizo ni nini? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Mifumo mingi ya aina hii huanza kwa kuhesabu maneno. Elasticsearch, kwa mfano, ambayo ni programu ya utafutaji, huupa kila waraka alama kwa kanuni iitwayo BM25; wenye alama nyingi hutokea juu. Neno lililo katika nyaraka chache lina uzito kuliko lililotapakaa kila mahali, wazo alilolitoa mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza, Karen Spärck Jones, mwaka 1972. Neno likirudiwa, alama hupanda, ila kila marudio huongeza kidogo kuliko yaliyotangulia. Waraka mrefu kuliko wastani hupunguziwa alama. Ndiyo maana kumbukumbu za ukurasa mmoja zinazotaja usafi mara nne zinaweza kuupita mkataba wa kurasa 40. Neno lililo kwenye kichwa mara nyingi huhesabiwa zaidi, basi faili inayoitwa Scan_0037 ibadilisheni jina.

Kwa Kiswahili kuna tatizo jingine kubwa. Mifumo hii imezoea lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Sisi hubadilisha mwanzoni. Ukiandika mkataba, mikataba inaachwa. Alama ya nyota (*), inayoshika nafasi ya herufi zozote, haikuokoi: kwenye SharePoint, mfumo wa nyaraka wa Microsoft, hukubaliwa mwishoni mwa neno tu, kwa hiyo *kataba haifanyi kazi. Andika maumbo yote mawili:

(mkataba OR mikataba) usafi filetype:pdf

OR, yaani “au”, iwe kwa herufi kubwa; filetype:pdf huleta faili za PDF tu, na usiache nafasi baada ya nukta mbili. Alama za nukuu zitumie pale tu unapoyajua maneno kwa mpangilio wake; ukitafuta "mkataba wa usafi", waraka ulioandikwa "mkataba wa huduma za usafi" hutauona.

Mkataba usipoonekana kabisa, fungua faili yake ujaribu kuchagua mstari mmoja kwa kipanya. Maandishi yasipochaguka, hiyo ni picha tu, na mfumo hauna neno la kusoma. Watu wa TEHAMA waipitishe kwenye programu ya kutambua maandishi. Yakichaguka, kagua ruhusa: mfumo huficha kila usichoruhusiwa kukifungua, bila kukuambia. Mwombe mwenye folda atafute kwa maneno yaleyale. Akiuona yeye, akuongeze kwenye orodha ya wanaoruhusiwa.