Paneli za jua California: usitie saini bado

Ndugu uliyeandika kutoka Fresno, nimeelewa kwamba muuzaji amekuahidi kuwa umeme utakaourudisha kwenye gridi (mtandao wa umeme) utalipwa kwa bei ileile unayonunulia, na kwamba sheria ya 2022 iliyorefusha uhai wa kinu cha nyuklia cha Diablo Canyon hadi 2030 itashusha bili yako. Hilo la kinu ni porojo za biashara tu. Kuhusu bei, wateja wa kampuni kubwa binafsi za umeme waliowasilisha maombi ya kuunganisha paneli na gridi kuanzia tarehe 15 Aprili 2023 hulipwa umeme wanaourudisha kwa thamani yake ya saa husika, ambayo mchana huwa ndogo sana, hivyo betri ya kutumia jioni mara nyingi hufaa kuliko kuongeza paneli. Dai hesabu ya maandishi inayotumia bili zako za miezi 12. Na mkataba ukiwa wa kukodi paneli kwa miaka mingi, mwonyeshe wakili kwanza.