Safari ya kuangalia kabla ya kuhamia Muscat

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kama inafaa uende Muscat, mji mkuu wa Oman, peke yako kwa wiki mbili kabla ya kumhamisha mkeo na watoto watatu. Inafaa, ila usiende Januari, hewa ikiwa ya kupendeza. Nenda Mei, joto linapokaribia nyuzi 40 na skuli hazijafungwa, utembee kwa miguu saa nane mchana kutoka nyumba unayotaka kuikodi hadi skuli, kwani mji ule umetawanyika na asiye na gari hupata tabu.

Skuli ndiyo iliyonisumbua mimi. Mwanangu, aliyejua Kiarabu cha chuo cha Kurani tu, alikaa muhula mzima kimya katika darasa linalosomeshwa kwa Kiarabu. Kwa hiyo muulize mwalimu mkuu, uso kwa uso, mtoto mgeni husaidiwaje, na ada uiandike daftarini kando ya kodi ya nyumba.

Waswahili wenzetu utawakuta wengi, lakini usifikie kwao siku zote; ukarimu wao utakuficha bei ya sokoni. Viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi, basi mkataba wa ajira mpe anayejua Kiarabu vizuri akusomee kabla hujauza hata ng'ombe mmoja.