Maiki moja, traki nne: inawezekana?

Kwenye mashine ya kaseti ya kurekodia yenye traki nne (njia nne za sauti zinazokaa sambamba kwenye utepe), maiki moja inatosha kabisa, ila si kwa mpigo mmoja. Rekodi gitaa kwenye traki ya 1, rudisha kanda mwanzo, zima kitufe cha kurekodi cha traki hiyo (ukisahau, gitaa limefutika), washa cha traki ya 2, kisha imba huku ukilisikiliza gitaa kwenye hedifoni. Spika ziwe kimya, la sivyo maiki italinasa gitaa tena.

Ukihitaji sauti zaidi ya nne, jaza traki 1 hadi 3, zichanganye zote ziingie ya 4, halafu rekodi upya juu ya zile tatu. Weka uwiano wa sauti vizuri kabla ya kuzichanganya, maana baadaye huwezi kupandisha besi peke yake. Kila uhamisho huongeza mvumo wa kanda na kufifisha sauti za juu, kwa hiyo mwimbaji mkuu mimi humwacha mwisho.

Na kanda usiigeuze: mashine hizi hutumia upana wote wa utepe kwa mwelekeo mmoja, utasikia kazi yako ikicheza kinyumenyume. Tafuta kanda ya kromu ya dakika 60. Za 90 utepe wake ni mwembamba.