Kwa nini bado namheshimu Billy Meredith

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, na barua yako nimeisoma. Umeniuliza iweje mimi, mama yako niliyekukataza tangu utotoni kupokea hata senti isiyo halali, nimsifu Billy Meredith, winga aliyefungiwa na chama cha soka cha England kwa kosa la rushwa. Swali lako ni la haki, wala sitalijibu kwa kumtakasa.

Meredith alizaliwa mwaka 1874 huko Chirk, upande wa Wales, karibu na mpaka wa England, na alipofika umri wa miaka 12 alikwishaanza kazi katika mgodi wa makaa ya mawe. Mwaka 1894 alijiunga na Manchester City, akacheza winga ya kulia. Aliambaa na mstari wa pembeni hadi karibu na kibendera cha kona, ndipo akapiga krosi, na muda wote huo kijiti cha kuchokolea meno kilikuwa mdomoni mwake, hata kijiti hicho kikawa alama yake kwa watazamaji. Mwaka 1904, akiwa nahodha, alifunga bao pekee lililowapa City Kombe la FA dhidi ya Bolton Wanderers kule Crystal Palace.

Sasa tazama alivyolipwa. Tangu mwaka 1901 kanuni zilikataza mchezaji yeyote kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki, hata kama maelfu ya watu walilipa kiingilio kwa ajili yake, na klabu ikishamsajili hakuweza kuhamia kwingine bila ridhaa ya klabu hiyo, hata mkataba wake ukiwa umekwisha. Klabu zilizotaka mataji zikawa zinaongeza pesa kwa siri, na City ilikuwa mojawapo.

Mwezi Aprili 1905 City walifungwa 3–2 na Aston Villa katika mechi ambayo wangeishinda wangebaki na matumaini ya ubingwa. Baadaye uchunguzi ukaamua kwamba Meredith alimwahidi Alex Leake, nahodha wa Villa, pauni 10 ili timu yake iachie mchezo. Kwanza alikana. Klabu ilipomtupa mkono, akasema alitumwa na katibu wa klabu, Tom Maley, na hapo siri ya malipo ya ziada ikafichuka, wachezaji 17 wakafungiwa na viongozi wakaondolewa. Kutaka kumnunua mpinzani ni kosa, mwanangu, na adhabu aliistahili. Ninachokataa ni kumpima kwa siku hiyo peke yake.

Alirudi uwanjani tarehe 1 Januari 1907, safari hii na Manchester United, na wapinzani walikuwa Aston Villa haohao. Krosi yake ikamfikia Sandy Turnbull, aliyefunga bao pekee la mchezo. Mwaka uleule Thomas Blackstock, mchezaji mwenzao, alianguka baada ya kupiga mpira kwa kichwa katika mechi ya timu za akiba, akafariki, na familia yake haikupata fidia. Tarehe 2 Desemba 1907 Meredith aliongoza kikao katika Hoteli ya Imperial, Manchester, ambapo wachezaji waliunda chama chao cha kutetea haki. Hapa ndipo heshima yangu ilipo: mtu ambaye angeweza kunyamaza, acheze, ashibe, aliamua kusema hadharani kile ambacho klabu zilikuwa zikikifanya gizani.

Mwaka 1909 wakubwa wa soka waliwaamuru wachezaji wajitoe katika chama hicho, la sivyo wafungiwe. Kwingine wengi walitii. Wachezaji wa United walikataa, wakafanya mazoezi peke yao huko Fallowfield, wakapiga picha na kibao kilichowaita timu ya waliotengwa. Wakubwa ndio waliolegea, chama kikatambuliwa, ingawa ukomo wa mishahara ulibaki. Na usidhani mapambano hayo yalimpunguzia mpira: alitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1908 na 1911, na Kombe la FA mwaka 1909.

Alidumu kuliko ilivyo kawaida. Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 45, aliichezea Wales mechi yake ya mwisho, nao wakaifunga England 2–1 jijini London. Mwaka 1924, alikwisharudi City, akacheza nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Newcastle akiwa na miaka 49.

Alifariki mwaka 1958. Ukomo wa mishahara uliondolewa mwezi Januari 1961, baada ya wachezaji kutishia kugoma chini ya chama kilekile alichokifungulia kikao, wakati huo kikiongozwa na Jimmy Hill.

Mama yako akupendaye