Maswali na majibu: mlioishia 97

Wiki jana niliandika kwamba 4,294,967,297 si nambari tasa, yaani kuna nambari nyingine zinazoigawa bila baki, mbali na 1 na yenyewe. Barua zikamiminika, nyingi za kunisuta.

*Shikamoo Maalim. Nikiwa foleni ya feri nimeigawanya hiyo nambari yako kwa kila tasa, toka 2 hadi 97. Haigawiki. Huoni umeteleza? (Likoni)*

Marahaba, mwanangu. Hesabu zako ni sawa, ila ulichoka mapema. Asiyejua njia ya mkato sharti afike kwenye kipeuo cha pili, yaani 65,536, na kwa mwendo wako feri ingevuka hadi isahau ng'ambo ni ipi. Mkato ni wa Euler, mwanahisabati wa Uswisi, aliyeivunja nambari hii mwaka 1732. Ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Naye alionyesha kwamba kigawo chake chochote tasa, ukikigawa kwa 64, hubakisha 1. Tasa ya kwanza ya namna hiyo ni 193, basi zilizo chini yake zote umezitolea jasho bure. Anza hapo, igawe nambari yetu kwa 193, 257, 449, 577: zote zinabakisha. Ya tano ni 641. Nilichukua karatasi iliyofungiwa mahamri, nikagawa: 6,700,417, baki hakuna. Karatasi ina mafuta lakini jibu ni safi.

Fermat, mwanahisabati Mfaransa, alikuwa ameamini nambari za ukoo huu (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kila mara jumlisha 1) zote ni tasa, kwa kuwa 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa kweli. Hadi leo haijaonekana tasa ya sita. Nyinyi wa "nimejaribu kadhaa, zote zimekubali", someni hapo mara mbili.

*Je, 1 ni tasa? (Kisauni)*

Hapana. Tasa ina vigawo viwili, moja ina kimoja. Mwezi huu pekee nimeulizwa mara nne.

*Simu yangu yasema 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, ni 1.4757395E20. Kwa hiyo inaishia na sifuri? (Changamwe)*

Simu imekosa nafasi, ikakukatia mkia. Vipeo vya 2 huishia 2, 4, 8, 6, kisha hurudia. Gawa 67 kwa 4, hubaki 3, basi ni 8. Toa 1, ni 7. Nzima ni 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1903 Cole, mwanahisabati Mmarekani, aliwaonyesha wenzake kwamba ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Hakuwa na simu.

*Ami, nimeuziwa laini kwa bei ya juu. Muuzaji ameapa nambari yake ni tasa, na tasa zina bahati kwenye kamari. Nakutumia uihakikishe. (Kongowea)*

Siichapishi, na usimtumie mtu mwingine. Nimejumlisha tarakimu zake: 39. Inagawika kwa 3, na kazi hiyo haikumaliza hata kikombe cha kahawa. Ingekuwa tasa pia kamari ingekula pesa zako vilevile. Mrudie muuzaji leo, kabla hajahamisha meza.